Kwa Kijiko

Nauza dawa za mifugo Kadutu, ngazi ya tatu
ukitoka kwa samaki wakavu, chini ya turubai la bluu.
Unga wa njano niliupima kwa kijiko cha chai:
cha kujaa kwa ng'ombe,
cha kufutwa kwa kidole kwa kondoo,
na kwa mwenye franka mia mbili, ncha tu ya kijiko.
Sikumfukuza mtu.
Hilo nililiita huruma.

Nankafu alishuka kutoka Ciriri mwezi wa tatu,
tope magotini, kitenge kimelowa.
Kondoo wake watatu walikuwa wametupa mimba usiku mmoja.
"Hawalii," alisema. "Mbuzi angeamsha kilima kizima.
Hawa wanakufa kikondoo,
habari zao nazipata kwa harufu."
Nikampa vijiko viwili. Nikamwambia siku tano.
Siku ya pili wakasimama, wakala,
naye iliyobaki akaiweka darini, karibu na chumvi,
kwa ajili ya siku nyingine.
Siku nyingine ilikuja. Ikaja na nyingine.
Nusu kijiko, robo kijiko,
kama mtu anayemchapa nyoka kwa unyasi:
hamuui, anamfundisha.

Mwezi wa saba mjukuu wake, Mushagalusa,
alichemka homa wiki mbili.
Yeye ndiye aliyemnywesha kwa chupa mwana-kondoo yatima,
akilala naye upande wa moto.
Tembe za zahanati zilipita tumboni mwake
kama wageni wasiopewa kiti.

Ansima wa maabara hununua kwangu dawa ya viroboto vya mbwa wake.
Aliponiita nilidhani ni deni.
Akafunua kisahani cha kioo, ndani yake utando
wa rangi ya maziwa yaliyoganda,
na juu ya utando karatasi sita, ndogo kama vifungo vya shati.
"Kila karatasi ina dawa yake," akasema.
"Dawa yenye nguvu hujijengea ua,
duara tupu, kijidudu hakivuki.
Tazama."
Nikatazama. Karatasi moja ilikuwa na ua.
Tano hazina ua,
haziui:
utando umefika ukingoni, umeziegemea
kama walevi kwenye mlango wa baa.
Ya tatu kutoka kushoto ilikuwa yangu. Ile ya njano.
"Hiki ni cha mtoto." Akaleta kisahani cha pili.
"Hiki ni cha kondoo."
Akaviweka sambamba,
nami sikujua tena kipi ni kipi.

Nilitaka kusema: si mimi peke yangu.
Soko zima linapima kwa kijiko,
na daktari wa mifugo ni mmoja,
pikipiki yake haijaona mafuta tangu Pasaka.
Ni kweli.
Ukweli huo haukunisaidia kushuka ngazi.

Mtoto amepona. Sindano zile, za dawa yenye ua,
ziligharimu kondoo wanne.
Nankafu aliwauza hapa hapa, Jumamosi,
wamenawiri, manyoya yameoshwa.
Niliwaona wakigawanyika: mmoja Bagira, mmoja Nyangezi,
wawili kwenye boti la Idjwi.
Ningeweza kupiga kelele.
Nililia kikondoo.

Leo asubuhi, kabla sijakaza kamba za turubai,
amekuja mtu wa Walungu, kofia mkononi.
Kondoo wake hawali. Ana franka mia tatu.
Nimemuuliza ambayo sijawahi kumuuliza mtu:
wangapi, tangu lini, wanakunywa maji ya wapi,
wagonjwa wanalala na wazima?
Amejibu yote kwa subira, kisha akaonyesha kopo kwa kidevu.

Nimemwambia imekwisha.

Kopo lilikuwa limejaa.
Nimemwandikia namba ya Ansima kwenye karatasi ya sigara,
nikamfungia chumvi na sukari, sikuchukua pesa.
Amepokea kama mtu aliyeibiwa.
Amevuka mtaro, akasimama kidogo,
akaingia kwa jirani yangu.
Nimesikia kijiko kikigonga bati.