Kwa Anayeingia Baada Yangu
(Kutaisi, Februari)

Vua hereni, Natela, na vibanio vyote;
chuma kidogo tu huchora miale ya uongo pichani.
Meno ya bandia yatoe, usione haya.
Yangu yalikaa kikombeni yakinicheka.

Waambie figo zako zikoje,
na kama dawa ya picha iliwahi kukuwasha mwili.
Ikipita mshipani, joto litashuka hadi kinenani,
utaapa umejikojolea.
Hujajikojolea.

Ni pete, si pango:
miguu hubaki nje na soksi zake.
Usitikise kichwa, hata kwa kukubali.

Chini ya ubongo kuna sakafu, Zurabi alinionyesha,
ina matundu kama chujio:
hapa hupita neva ya kuona, hapa ya kusikia,
hapa ile inayokumezesha supu.
Nami miezi minane napangusa pua, nikiita mafua
maji ya ubongo yaliyodondokea unga wa mikate ya jibini.

Ufa mwembamba kama unywele.
Jumanne wataziba
kwa utando wa paja langu mwenyewe.

Naogopa, ndiyo.
Lete hereni nikushikie.
Wanakuita.