Mwenyeji

Kupe huyu amekaa miaka kumi na kitu
ndani ya kichupa cha spiriti, juu ya kabati,
kando ya mitungi ya uyoga mkavu.
Lebo ni ya penseli: *Mama, nyuma ya goti la kushoto, Juni.*
Mwaka umefutika.

Bohdana amemleta maabara mfukoni mwa koti,
Jumamosi, wakati jengo lote hapa Budějovice
halina mtu ila mlinzi
na mashine ya kahawa inayokoroma.
Anamkausha. Anamlaza chali kwenye kijiti cha alumini,
kisha anampaka dhahabu,
utando mwembamba hivi kwamba pete moja ya ndoa
ingevisha kupe wa msitu mzima.
Pampu inafyonza hewa.
Nayo inajua kufyonza.

Mara mia mbili: uso usio na macho.
Mara mia nane: palpi mbili zimeachana kama mapazia,
na katikati upanga butu,
safu kwa safu za meno yaliyoelekea nyuma.
Kuingia ruksa; kutoka, shauri yako.

Juu ya upanga, viungo viwili vyenye makucha.
"Usiseme mdomo," mzee Ctibor alikuwa akimkanya,
"hiyo ni mikono iliyosahau kushika."
Kwa buibui ni sindano.
Kwa nge ni vibano vidogo vya kumegea tonge.
Kwa huyu, hukata kwa zamu, kushoto, kulia,
halafu yote miwili hutanuka pamoja
kama mwogeleaji anayepasua maji kifuani,
na mwili mzima unazama
katika bwawa la mtu.

Anao binamu, huko kwenye majani yaliyooza ya Australia,
ambao hadi leo hunywa wadudu waliokwisha kufa.
Basi palikuwa na siku
(si siku, ni milenia juu ya milenia)
mnywa mizoga alipokosea mlango
akabisha kwa aliye hai,
na aliye hai hakusikia.
Kaharabu imemhifadhi mmoja
akiwa bado amekumbatia unyoya wa dinosaria.
Dinosaria wamekwenda zao.
Kumbato limebaki.

Kwetu kupe ni tusi,
twampa bwana asiyelima na shibe ni yake.
Bohdana hajui tusi hilo.
Anajua kapu la uyoga juu ya meza,
mama akicheka, sketi imepandishwa,
"Nitoe mgeni huyu, mwanangu, ananiwasha,"
na kibano cha nyusi.
Siku ya tisa, homa. Homa ikaondoka, wakapika supu.
Ikarudi na kupanda kichwani.
Kijiko mama akakiita dirisha.
Dirisha hakuliita kitu.

Mara elfu tatu.
Kati ya safu ya tatu na ya nne
kuna kitu kisicho cha kupe:
kijikunjo, kama ncha ya leso iliyobanwa na droo.
Ngozi.
Dhahabu imeifunika sawasawa na ilivyofunika meno,
haikuuliza nani ni nani.

Bohdana anaondoa mkono kwenye kitufe.
Anaurudisha.
Fomu ina safu yake, na safu haitaki maneno mengi:
*mabaki ya tishu ya mwenyeji.*
Mwenyeji, kwa lugha yangu, ndiye huyo anyonywaye,
na ndiye pia afagiaye uwanja, ainjikaye chai,
asemaye karibu kabla hajaona ni nani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo.
Njoo uone, basi. Njoo uone tulivyopona.

Anaipiga picha mara mbili; ya kwanza imetikisika.
Mashine inamwomba jina la faili.
Anaandika *mama*, anafuta,
anaandika tarehe, anafuta,
anaandika *mama_goti_03*
ingawa hakuna 01 wala 02.

Kwenye ngazi mlinzi anazima taa,
akidhani ndani hamna mtu.