Usitabasamu

Kazi yangu ni nyuso. Wandegeya, ghorofa ya pili,
pazia jeupe, kiti kisicho na mgongo.
Vua hereni. Inua kidevu. Usitabasamu.
Ubalozi hautaki kujua kama una furaha.
Miaka kumi na moja nawapiga picha watu
waendao mahali ambapo mimi sijafika.

Jumamosi nikafunga duka.
Nikapanda bodaboda Kasanje, kamera kifuani
kama mtoto aliyelala, hadi gati la Mabamba,
ambako Sserunkuuma alikuwa akikumba maji mtumbwini
kwa kopo la rangi lililokatwa shingo.
"Umechelewa," alisema. "Maua yamekwisha kuamka."

Kweli yalikuwa macho:
yungiyungi, buluu isiyofanana na mbingu wala sare ya shule,
kila moja na kiini cha yai la kienyeji katikati.
Nikaliambia la kwanza: tulia.
Upepo ukajibu kwa niaba yake.
Nikaliambia la pili: geuka kidogo huku.
Likabaki na jua lake.

Mafunjo yalisimama kimo cha watu wawili,
vichwa timtim kama wanafunzi wa bweni alfajiri.
Ndani yake nzohe alikohoa,
au Sserunkuuma alisema ni nzohe.
Nikakipiga picha kikohozi:
majani, majani, kivuli cha majani.

Alizima injini, akashika upondo.
Penye maji meusi akazamisha mkono hadi kwapani,
akavuta shina la ua bila kulikata,
akavuta, likaja, hudhurungi, telezi, refu kama kamba ya kisima.
"Wageni hupiga picha kofia," alisema,
"mwili wanauacha chini."
Kisha akalirudisha polepole,
kama anayemfunika mgonjwa shuka.

Halafu, bila kutangazwa, alikuwa pale.
Korongo nyangumi, rangi ya zege bichi,
mdomo kama mtumbwi uliofudikizwa ukauke.
Mabega sawa. Uso mkabala. Hapepesi.
Nyuma yake ukungu mweupe, safi kuliko pazia langu.
Sijapata mteja wa namna hiyo.
Kasoro moja tu: pembe za mdomo zimepanda,
anatabasamu tangu yai,
na hakuna ubalozi ambao ungempokea.

"Baba alikuwa akimrushia mawe," Sserunkuuma alinong'ona.
"Ukikutana naye asubuhi, walisema, nyavu zinarudi tupu.
Mmoja alimpata shingoni. Hata hakuliwa."
Upondo ulitoa matone manne, matano.
"Sasa ndiye anayelipa karo ya Nakiganda wangu."

Nilikuwa nafuta jasho kwenye kioo
ndege alipoanguka. Hakuruka: alianguka, kama kabati,
akainuka na fungo la magugu mdomoni
na ndani ya magugu kamongo akijikunja.
Mimi niliambulia mawimbi.

Usiku nikazihesabu: mia mbili na kumi na nne.
Thelathini za korongo, zote zimetikisika;
mtumbwi ulikuwa ukipumua, au mimi.
Iliyonyooka ni moja.
Jani la yungiyungi, sile-maua ameshaondoka,
ukingo bado umeinama alipokanyaga,
maji kidogo yamepanda juu, hayajajua yarudi wapi.
Sikumbuki kubonyeza.

Jumatatu, mteja wa kwanza: kijana wa Kyotera aendaye Doha,
koti la kuazima, tai imefungwa na mtu mwingine.
Kidevu kilikuwa kinamtetemeka.
Nikafungua kinywa niseme lile neno langu la kila siku,
nikalimeza,
nikangoja jani lisawazike.