Mkono wa Nne

Ubao huu ulikuwa mlango wa kabati la Bwana Petrie,
jirani wa ghorofa ya chini, Dundee.
Mkewe, Isla, alisema: uchukue, utachomwa bure.
Nikauchonga gitaa kwa msumeno wa kuazima,
na mtaa mzima ukanichukia wiki mbili.

Sasa ni kazi ya kimya.
Msasa wa themanini, wa mia na ishirini,
wa mia mbili na kitu; vumbi hadi kwenye chai.
Kisha napitisha kitambaa chenye maji
na ubao, niliodhani umekufa zamani,
unasimamisha vinyweleo
kama shingo iliyoguswa na baridi.
Nangoja. Naulaza tena,
nikifuata nyuzi zake, si haraka zangu.

Vanishi ya hapa haijui kukauka.
Banda linatoa jasho, hita inakohoa.
Mkono wa kwanza ulilia machozi ukingoni,
wa pili ulikunjana, wa tatu, afadhali,
wa nne ukanasa nzi.
Nilimng'oa kwa kibano. Mguu mmoja umebaki.

Kuna tundu moja lilinisumbua, la kitasa.
Nilikuwa nimeshachanganya gundi na unga wa mbao
Isla alipoingia, koti juu ya nguo ya kulalia.
Hakuuliza. Alitia vidole viwili pale,
akazungusha hewa,
kama mtu anayetafuta shati safi la Jumatatu.

Gundi imekaukia kikoponi.
Pale pale nitaweka kitufe cha sauti.