Hewa Chini ya Herufi

Saa kumi na mbili na robo, Tarnów, Desemba.
Nimerudi zamu na harufu ya spiriti mikononi,
buti nimeziacha mlangoni zikivuja theluji,
na ndege ya Kajetan imegeuziwa ukuta
kama mtoto aliyeadhibiwa.

Naigeuza. Kumbe!
Ubavu wa kijani, kijani kizito cha misonobari,
na juu yake herufi tano nyeusi zimenyooka barabara,
ila kila moja imevaa ukungu,
kisahani cha fedha kinachomeremeta
taa ikikipata kwa upande.
Fedha hii hainunui hata mkate.
Ni hewa tu.

Najua alichofanya. Ana miaka kumi na minne,
maonyesho ni Jumamosi,
na vanishi hudai siku nzima ya kukauka.
Akaibandika stika juu ya rangi isiyong'aa,
na rangi ya namna hiyo, ukiitazama kwa lenzi,
ni nchi ya vilima:
stika ililala vileleni,
mabonde yakabaki na pumzi yao.
Haraka haraka... malizia mwenyewe.

Mimi na hewa tunajuana.
Wodi ya nne, kila usiku,
nagonga bomba la sindano kwa ukucha
mpaka kipovu cha mwisho kipande, kitoke,
ndipo nautafuta mshipa.
Kwa hiyo sikuwaza mara mbili.
Sindano mpya ya insulini, nyembamba kama unywele;
herufi ya kwanza, vitundu saba, kumi,
jicho halivioni.
Kisha tone la dawa ya kulainisha, inanuka siki.

Stika ikakunjamana.
Hapa ndipo watu huingiwa na kiwewe,
wakasugua, wakaichana.
Ikikunjamana, iache. Mikono mgongoni.
Nikateleka birika. Upande wa pili wa ukuta
Bi Pelagia alikohoa, akafungua redio, akaifunga.
Niliporudi utando ulikuwa umejishusha wenyewe,
umezama kwenye mistari ya ribiti,
na kijani kimefika hadi ukingoni mwa wino.
Ungeapa imeandikwa kwa brashi.

Zilibaki nne. Na ubavu wa pili wote.
Nikainua tena sindano,
nikamkumbuka Sista Apolonia, mwaka wangu wa kwanza,
mkono wangu ukitetemeka juu ya mkono wa mgonjwa:
hakuninyang'anya.
Alinishika kiwiko, basi.

Nikairudishia sindano kifuniko chake.
Nikapanga chupa, brashi, kitambaa kibichi,
nikaielekeza ndege mlangoni,
na nyuma ya bahasha ya bili ya gesi nikaandika:
Toboa. Lowesha. Usiguse.
Halafu vanishi, siku nzima,
hata Jumamosi ikitupita.

Chumbani simu yake inaita, inazimwa,
inaita tena.
Nanywa chai nikiwa nimesimama, koti bado mwilini.