Muhuri wa Dirhamu

Varazi wa Dailam alinijia alfajiri,
matope ya Ruyani bado magotini,
harufu ya farasi ilimtangulia.
"Chonga jina langu," akasema.
"La bwana wangu lifute."

Jana alikuwa jemadari. Jana
aliubeba upinde wa mtu mwingine.
Na mtu huyo, huko bondeni, hajaanza kuoza.

Nikachonga kinyumenyume, kama muhuri utakavyo,
nikapiga nyundo; fedha ikalia.
Akaishika sarafu, akaigeuza, akaigeuza tena.
"Jina langu ni lipi hapa?"

Nikamwonyesha kwa ukucha.
Akalipapasa kama mtu apapasaye mbavu za punda
kabla ya kumnunua,
akacheka, kisha akanyamaza.

"Na wanangu," akauliza,
"ukingoni hapa
watatosha wangapi?"