Upana wa Kidole

Sikuuua uwanja kwa siku moja.
Nilikuwa na mashine ya kukatia majani na njaa ya saa sita,
na kila nilipofika ukingoni mwa shimo la saba
niligeuza usukani mapema kidogo,
upana wa kidole tu, kitu kisicho kitu.
Chovya, chovya: miaka kumi na tisa.
Zulia lililokuwa na pembe na mabega,
lenye ulimi ulioshuka hadi kwenye jabali,
likawa duara, kama sahani ya kantini.
Hakuna aliyelalamika. Duara halimkwazi mtu.

Wengine nao walikuwa na yao.
Mhazini Cruickshank, Jumamosi tatu mfululizo,
mpira wake ulizama katika handaki lile lile la mchanga;
ya nne akaja na trekta na kifusi.
Kamati ikapanda misonobari, safu kwa safu,
ili upepo wa Bahari ya Kaskazini ujifunze adabu.
Haukujifunza. Misonobari ikainama
kama watu wanaotafuta funguo gizani,
na bahari, ambayo Laing aliiacha makusudi
nyuma ya bendera ili jicho likose kipimo,
ikafichwa kama mgonjwa wakija wageni.

Kisha akaja Ishbel Gunn, binti wa mwuza samaki,
buti za baba yake, ufito wa chuma mkononi.
Wiki mbili hakusema neno. Alichoma ardhi tu,
hatua, choma, hatua, choma,
sikio upande kama mkunga.
"Wattie," akaniita, "njoo usikie."
Udongo husema ndi. Mchanga husema shwaa.
Chini ya kifusi cha mhazini
handaki lilikuwa bado linapumua.

Ramani tuliikuta darini,
imefungiwa vikombe vya ushindi visivyo na wenyewe:
kitambaa cha buluu, mwaka 1911, wino wa Ebenezer Laing,
na pembeni, kwa mwandiko wa mtu anayetetemeka baridi:
*Hapa sikuchimba. Kondoo walijichimbia
wakikimbia upepo. Mimi nimechomeka bendera.*

Nilicheka hadi nikakaa chini.
Karne nzima tunagombania urithi wa fundi,
kumbe fundi mwenyewe alikuwa shahidi wa kondoo.

Misonobari ilikatwa Februari.
Bi Wilhelmina Sandison alisimama na mkongojo wake
tangu msumeno wa kwanza. Marehemu mumewe
alipanda ule wa tatu kutoka ukutani,
siku aliyozaliwa mtoto wao.
Ishbel akamuuliza: tuuache?
Bibi alikuwa anatazama pengo, bahari ikiingia
pana, ya kijivu, bila hodi.
"Nilikuwa nimesahau," akasema, "kwamba iko karibu hivi."
Swali hakulijibu.
Mti bado upo. Unavunja mstari wa Laing,
na kila mwezi kamati inauliza.

Mimi kazi yangu ni ukingo.
Kila Jumatatu nausogeza wembe nje, upana wa kidole,
kwenye majani makaidi yaliyosahau kukatwa.
Ishbel anasema itachukua miaka minane kulifikia jabali;
nitakuwa nimestaafu.
Leo nimefika kwenye kijiti cheupe alichochomeka jana,
nikapita, nikazima mashine,
nikashuka kutazama kama nimegeuka mapema.
Njaa ilikuwapo. Saa sita ilikuwa inakaribia.